Kungwi wa Seli

Entebbe, saa tisa usiku. Umeme umerudi,
kiatamizi kinanguruma tena kama paka aliyeshiba.
Ndani mna chupa za seli, nyuzijoto thelathini na saba,
na virusi vya mafua ninavyovihamisha kila baada ya siku mbili,
toka chupa iliyochoka hadi chupa changa.
Huu ni uhamisho wa kumi na tisa.
Okwir ameandika kwenye vifuniko, kwa wino wa bluu:
hii ina kungwi.
Hii, kungwi kaleweshwa dawa.

Sikucheka. Nilimkumbuka Ssenga Bukirwa,
dada wa baba, wa kule Kajjansi,
aliyewavisha mabibi harusi gomesi
miaka thelathini, bati la pini kiunoni.

Fundi wa cherehani alikuwa mtu wa haraka.
Bega moja juu, jingine limelegea,
hariri imekatwa kinyume cha uzi.
Ssenga hakunung'unika. Alizungusha kikoyi kwa chini,
akakunja, akabana, akakaza mshipi,
na mwali akatoka mbele ya wakwe
amesimama kama mnara.
Hakuna aliyeliona kosa.
Hata fundi hakuliona,
na juma lililofuata akakata gomesi nyingine
kwa karatasi ileile iliyopinda.

Humu chupani mambo ni hayo.
Protini huzaliwa uzi: mrefu, mlegevu, hauna umbo,
na uzi usiokunjwa hauna kazi,
hugandana na wenzake kama uji wa jana.
Kwa hiyo seli imejiwekea makungwi, nao pia ni protini,
washika mkono, wakunja kona,
wenye kumnong'oneza mwali: subiri. Bado. Sasa.
Hawaulizi ukoo.
Hawasemi, mwana wa nani wewe?

Virusi havisafiri na kungwi. Huja mikono mitupu
na kitabu kilichonakiliwa kwa pupa,
kila nakala ina herufi iliyoteleza.
Herufi moja huvunja goti la protini;
na pengine goti hilohilo lililovunjika
ndilo linalompita mlinzi wa seli bila kutambuliwa.
Mchechemeaji hupenya pale wazima wanapokamatwa.
Peke yake angeanguka hatua ya pili.
Kungwi humshika kiwiko, naye anafika.
Anafika,
anazaa.

Okwir anataka niseme: mnyime kungwi, atakwama.
Na kweli, kwenye dawa herufi nyingi zilizoteleza
zimefutika, hazikuacha hata kivuli.
Lakini chupa ya tatu haikutii.
Humo vimejifunza kusimama bila kushikwa,
vichache, vigumu, njia yao nyingine kabisa.
Nimeandika hivyo daftarini, sikupamba.

Tena dawa yenyewe haichagui.
Ukimlewesha kungwi, seli nayo yayumba,
maana kila kilicho chake kilipita mikononi mwake.
Mkono huu unaoshika kalamu
umekunjwa na hao hao.

Ssenga alitutoka Machi, mvua zikianza.
Mafua tu, tulisema, yakashuka kifuani.
Usiku wa nne joto lilifika thelathini na tisa na nusu.
Nilijua, nikiwa nimekaa pale na kitambaa cha maji,
kwamba mwili ukiwaka seli huita makungwi zaidi,
wanatoka mbio, mamia kwa mamia,
kuokoa kila kinachoanza kufumuka.
Sijui waliitikia wito wa nani.

Bati lake liko mfukoni mwa koti langu jeupe.
Juzi kifungo kilikatika, nikabana kwa pini moja,
nikafanya kazi mpaka asubuhi.
Okwir hakuona.

Saa kumi kasoro robo. Navaa glavu.
Natoa chupa changa, naipasha joto kiganjani,
uhamisho wa ishirini.